Chemshabongo: neno la ushonaji, herufi 5, katikati ND. Soma ngeli kabla ya kuhesabu visanduku

#1 MlaloWima

Wakuu, habari zenu.

Mimi hutunga chemshabongo za maneno, zile za visanduku vya mlalo na wima. Sasa hivi napanga jedwali zima la ushonaji na mavazi, na kuna jambo nimelikuta humo ambalo naona litamfaa kila anayekwama kwenye mafumbo ya Kiswahili. Nalileta tulijadili.

Chukua visanduku 5. Cha tatu kina N, cha nne kina D, vilivyobaki ni vitupu:

_ _ N D _

Kidokezo: "Ushonaji". Basi. Jaza.

Najua wengi mtaandika FUNDI, ndiye wa kwanza kuja kichwani. Lakini BANDI nayo inaingia. PINDO linaingia. Halafu kuna PINDA, RINDA, TUNDU, FUNDO, na hata SANDA. Maneno 8 ya nguo, uzi na sindano, yote yanakaa humo bila kisanduku kubaki wala kupungua.

Sababu iko kwenye lugha yenyewe. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na konsonanti haziruhusiwi kurundikana ovyo. Zinazozoea kukaa pamoja ni kama MB, ND, NG, NJ na NZ. Kwa hiyo maneno mafupi yanafanana sana mifupa. Kwenye mafumbo ya Kiingereza hali ni kinyume chake: kuna neno ETUI, kikasha cha kuwekea sindano, lililotoka Kifaransa. Mtu anaweza kumaliza mwaka hajalitamka, ila kwenye mafumbo yao ni maarufu, kwa kuwa lina irabu 3 ndani ya herufi 4 na watunzi hulitumia kuzibia mianya. Sisi irabu zimejaa tele kila mahali, na ndizo zinazotuchanganya: FUNDI na FUNDO vinatofautiana kisanduku kimoja tu cha mwisho, PINDO na PINDA vivyo hivyo.

Dawa yake ni ngeli. Kiswahili hakiwezi kusema sentensi mbili bila kuonyesha kinachozungumziwa kiko ngeli gani. Kidokezo kikisema "la", "lake", "nalo", umeshaambiwa tafuta LI-/YA-, kwa hiyo fundi na bandi wametoka hapo hapo. Kikisema "yake" na kitu ni kimoja, pindo na fundo vimetoka. Mtunzi amekupa nusu ya jibu kabla hujahesabu herufi hata moja.

Jaribuni hivi 6, vyote umbo lake ni _ _ N D _:

a) Lazunguka mji
b) Hushonwa ili ifumuliwe
c) Uzi unalo, moyo usiwe nalo
d) Uzi hupita, ngamia hapiti
e) Waziri Mkuu mstaafu, pia amri kwa fundi wa suruali ndefu
f) Tanzania ni sehemu ya sketi, Kenya ni nguo nzima

#2 Kijana_wa_Temeke

Mkuu (a) ni UKUTA, herufi 5 kamili. Miji mingi ya zamani ilizungukwa na ukuta.
(e) PINDA. Mizengo Pinda, 2008 hadi 2015. Hiyo umetupa bure.

#3 MlaloWima

(e) umepata. Mteja anapeleka suruali imemzidi urefu, anamwambia fundi "pinda". Jina na kitenzi vimekutana mahali pamoja, mtunzi hawezi kuacha nafasi kama hiyo.

(a) ukuta hauingii kwa sababu mbili. Kwanza N na D zimeshakaa. Pili, hata kama visanduku vyote vingekuwa vitupu, ukuta ni U-/ZI-, ningelazimika kuandika "Wazunguka mji". Nimeandika "Lazunguka". Angalia hiyo LA mwanzoni halafu fikiria ni mji gani huo.

#4 Mama Cherehani

Kaka, (a) ni PINDO. Mji wa kanga! Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo ni yale maua au mistari inayozunguka pande zote 4, mji ni pale katikati, jina ni yale maneno yaliyoandikwa chini. Mwanamke yeyote aliyewahi kuchagua kanga dukani anajua, tunaangalia jina kwanza halafu pindo limekaaje na mji.

Na (b) ni BANDI, hiyo nimeipenda kuliko zote kwa sababu ni kazi yangu. Nieleze kidogo kwa wasiojua, maana siku hizi hata mafundi vijana wengi wanaruka hatua hii, wanachomeka pini mbili tatu na kukanyaga mashine.

Bandi unapiga kwa mkono. Unachukua uzi wa rangi inayopingana na kitambaa, kitambaa cheusi uzi mweupe, ili uuone baadaye. Unashona hatua ndefu ndefu, karibu upana wa kidole, bila kukaza. Mwisho hufungi fundo, unaacha mkia wa uzi unaning'inia. Kisha mteja anajaribu nguo, unaona bega limekaa vipi, kiuno kinabana wapi, unarekebisha. Ukiridhika ndiyo unapita na cherehani pembeni ya ule uzi, halafu unaushika ule mkia na kuvuta, bandi yote inatoka kama haikuwahi kuwepo. Nguo ya harusi au suti bila bandi mimi siigusi. Satini ndiyo kabisa, inateleza, ukiishona moja kwa moja pande mbili hazikutani chini.

Kwa hiyo "hushonwa ili ifumuliwe" ni kweli tupu.

#5 MlaloWima

Mama, asante sana. Hilo la kuacha mkia bila fundo nitalitumia kwenye kidokezo kingine.

Na wengine mwone: "ifumuliwe". Ile I ndiyo iliyomlinda BANDI. Ningetaka PINDO ningeandika "lifumuliwe", na kidokezo kingebaki cha kweli vile vile, maana pindo nalo hufumuliwa.

#6 Mama Cherehani

Tena sana. Sare za shule. Mzazi mwenye akili anakwambia "fundi, acha pindo kubwa", unaacha inchi 2 au 3 kwa ndani. Mtoto akirefuka unafumua na kupinda upya chini zaidi. Tatizo ni ule mstari. Kitambaa cha nje kimeshapauka kwa jua na sabuni, kile kilichokuwa kimekunjwa ndani bado kina rangi yake ya dukani, kwa hiyo sketi inakuwa na mkanda mbichi chini na alama ya mkunjo isiyotoka hata kwa pasi ya mkaa. Wengine tunaficha kwa kupitisha mshono wa juu juu au utepe mwembamba.

#7 mwana_kibokoni

Salaam aleikum jamaa. Hapa Mombasa kanga twaita leso, lakini pindo ni pindo na mji ni mji, kwa hiyo kidokezo kinatufaa. Leso hununuliwa mbili pamoja zikiwa hazijakatwa, nanyi mwaita doti. Wazikata, kisha wampelekea fundi azipinde zile ncha mbili zisifumuke. Kwa hivyo leso moja ina pindo la kuchapwa kiwandani na pindo la kushonwa na fundi. Mtunzi aseme anataka lipi.

Wazee husimulia kwamba leso za mwanzo zilikuwa vitambaa vya mkono vya Wareno, vikinunuliwa vikiwa vimeungana, kisha vikaunganishwa kwa kushonwa, 3 juu na 3 chini, vikawa nguo moja. Leso za kushona. Kwa hivyo vazi hili lilianza na sindano, uchapaji ulikuja baadaye.

(f) ni RINDA. Kwetu rinda ni nguo nzima ya kike, hata shuleni watoto wafundishwa hivyo. Mwatuambiaje ni sehemu ya sketi?

#8 MlaloWima

Ndugu yangu wa Kibokoni, jibu ni hilo hilo. Huku kwetu ile nguo nzima ni gauni, na rinda ni mkunjo mmoja wa kitambaa unaoshikiliwa kwa mshono kiunoni na kuachiwa chini. Yakiwa mengi yanakuwa sketi ya marinda. Nyie mmeita nguo nzima kwa ile mikunjo yake. Yote yametimia kwenye visanduku 5, na ndiyo maana nimeyaweka pamoja kwenye kidokezo kimoja, ili mchezaji wa Tanga na wa Mombasa wasigombane.

Kuhusu pindo la kuchapwa na la kushonwa: neno la "mji" linaamua. Bila mji, yote mawili ni halali.

#9 Mwalimu wa Zamu

Nimesoma kwa makini, na nina hoja 2.

Ya kwanza, (d) ni TUNDU, tundu la sindano. Lakini mtoa mada, hapa kanuni yako inatetereka. Biblia ya Union Version, Mathayo 19:24, inasema "tundu ya sindano", wakati mitaani na madarasani watu wengi husema "tundu la", wingi matundu. Mchezaji aliyekulia kanisani atasoma "yake", mwingine atasoma "lake", na wote wana msingi.

Ya pili ni nzito zaidi. Kidokezo (b) umeanza na "Hushonwa". HU- haibebi ngeli yoyote. Mtu hushona, nguo hushonwa, pindo hushonwa, marinda hushonwa. Mtunzi akiamua kutumia HU- peke yake amefuta kila alama uliyotufundisha. Sasa tutakamata nini?

#10 MlaloWima

Mwalimu, umegusa kiini chenyewe.

Tundu kwanza. Ni kweli ngeli yake inayumba, na ndiyo maana kwenye (d) sikuweka upatanisho wowote wa tundu. Rudia kukisoma: "Uzi hupita, ngamia hapiti". Viambishi vyote vimebebwa na uzi na ngamia. Neno likiwa na ngeli mbili zinazotumika, mtunzi mwaminifu hulizunguka, halitaji kwa "la" wala kwa "ya". Na ngamia huyo hawagawi wachezaji: Wakristo wanaye kwenye Mathayo, Waislamu wanaye kwenye Surat Al-A'raf, aya ya 40.

Sasa HU-. Hicho ndicho kificho kikuu cha mtunzi wa Kiswahili, sijui kingine kinachokikaribia. Ukiona kidokezo kimeanza na HU-, ujue mwenzako ameamua kukufichia mtendaji. Linganisha:

Lazunguka mji
Huzunguka mji

Cha kwanza kinakutoa kwenye ukuta papo hapo. Cha pili kinaweza kuwa ukuta, mto, barabara, polisi wa doria, pindo. Maneno mawili yale yale, ugumu tofauti kabisa. Mimi HU- tupu siitumii mpaka niwe nimempa mchezaji angalau herufi 2 kutoka maneno yanayokatiza, na moja kati ya hizo iwe irabu ya mwisho pale ambapo irabu ndiyo inayotofautisha. Kumpa mtu F U N D _ na kidokezo cha HU-, halafu kisanduku cha mwisho hakikatizwi na neno lolote, ni kumwonea. Ana FUNDI, FUNDO na hata FUNDA la kufunda mwali, na hana pa kushika.

Lakini HU- inaficha mtenda peke yake. Haifichi mtendwa. Ukiandika "huushika", ile U ya pili inazungumza. "Hulivaa", LI inazungumza. Kwa hiyo msikate tamaa mkiona HU-, angalieni kinachofuata ndani ya kitenzi.

Na kidokezo kinaweza kuwa na kitenzi cha pili. Kwenye (b) "Hushonwa" imeficha, "ifumuliwe" imefichua. Nusu nimefunga, nusu nimefungua, makusudi.

#11 Forodhani

Naona Unguja hatujasikika, basi nami niseme. Sisi wengine twasema UPINDO, wingi wake pindo. Upindo wa kanzu, pindo za kanzu. Kwa hiyo PINDO kwangu mimi laweza kuwa jibu la "Zazunguka nguo", kwa ZA. Mwalimu aliuliza kanuni yatetereka wapi, hapa napo pana mtihani.

Na mkitaka maneno ya kanzu mtunzi afurahi nayo, yapo, na yanapotea. Badani, kile kipande kikubwa cha mwili, mbele na nyuma. Taharizi, vipande vya ubavuni vinavyoipa kanzu upana chini. Kikwapa, kile kipande kidogo cha chini ya mkono, kisipowekwa vizuri mtu akinyoosha mkono kanzu yote yapanda juu. Kaba, ya shingoni, ndipo penye kazi ya mkono na ndipo mtu wa Unguja hutazama kwanza akitaka kujua kanzu ni ya bei gani. Sijafu, ukingo uliokunjwa wa mkono wa kanzu. Mafundi wa zamani ukimwambia "pindo la mkono" alikuwa akikusahihisha, "sijafu hiyo".

#12 MlaloWima

Ustadh, nimenakili yote. BADANI 6, TAHARIZI 8, KIKWAPA 7, KABA 4, SIJAFU 6. TAHARIZI lina A mbili na I mbili, hilo litabeba upande mzima wa jedwali. Na KABA ni dhahabu, maana linaingia hata kona ndogo. Kidokezo: "Shingo ya kanzu na ya mwizi (4)". Kwa fundi ni nomino, kwa mwizi ni kitenzi.

Upindo na pindo: ni kweli, na naona ni neema kwa mtunzi. Umbo moja la herufi 5 linaweza kuwa umoja kwa mtu wa Dar na wingi kwa mtu wa Unguja. Ila lazima achague upande mmoja ndani ya kidokezo na asimamie hapo. "Lazunguka" au "Zazunguka".

#13 Kijana_wa_Temeke

(c) FUNDO. Uzi unalo mwishoni ili usichomoke, na moyo wenye fundo ni moyo wenye kinyongo. Hii kali.

Hizi chemshabongo zilianza wapi kwani?

#14 MlaloWima

Umepata. Na mama zetu walifunga fundo kwenye ncha ya kanga wakahifadhi pesa ya soko. Lina vidokezo vingi sana.

Fumbo la kwanza la aina hii linalojulikana lilichapwa tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World. Mtunzi alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza. Lilikuwa na umbo la uru la karata. Lakini mtindo wa kumficha mtu jibu mbele ya macho yake sisi tunao kwenye vitendawili toka zamani. Kilichoongezwa na visanduku ni ukaguzi: kitendawili ukijibu vibaya unatoa mji, hapa ukijibu vibaya neno linalokatiza linakukatalia.

#15 Mama Cherehani

Na SANDA hujamtolea kidokezo.

#16 MlaloWima

Nimekiandika mara kadhaa nikakifuta. Kidokezo cha "nguo ya mwisho" kinatosha na kina heshima. Kuna mtu atafungua ukurasa ule akiwa ametoka kuzika juzi, sitaki acheke wala aumie kwa sababu yangu. Kwenye jedwali hili la ushonaji sitaliweka.

#17 Mwalimu wa Zamu

Uamuzi mzuri. Mimi ningetaka pia mtunzi wa kitaifa akumbuke wanafunzi. Somo la ngeli wanalichukia, wanakariri jedwali la A-/WA-, LI-/YA- bila kujua lina kazi gani. Kesho naandika ubaoni "Lazunguka mji" na "Huzunguka mji", nione.

#18 Bibi_Sindano

Nimekuja na yangu ya kwenye gazeti, imenikwamisha toka asubuhi. Mlalo 9, visanduku 5: "Huzuia uzi kupita". Nina F U N D _. Nimejaza FUNDI, maana yeye ndiye anayeshika uzi, lakini roho haijatulia. Kinachokatiza kisanduku cha mwisho ni wima 4, visanduku 6: "Fundi na daktari huuacha". Hicho sina hata herufi moja.

#19 MlaloWima

Dada, anza na wima 4. HU- imekufichia mtenda, lakini mtenda ameshatajwa, fundi na daktari. Tazama baada yake: hu-u-acha. Hiyo U ya pili ni ya kitu kinachoachwa. Kitu gani cha ngeli yenye U, herufi 6, fundi anakiacha kwenye nguo na daktari anakiacha kwenye ngozi?

#20 Mama Cherehani

MSHONO! Mshono wa nguo, na mshono wa aliyejifungua kwa upasuaji.

#21 Bibi_Sindano

M S H O N O, 6 kamili. Ile O ya mwisho inaangukia kisanduku cha mwisho cha mlalo 9.

Kwa hiyo FUNDI anatoka. F U N D O.

#22 MlaloWima

FUNDO. Ndilo linalozuia uzi usipite wote kwenye kitambaa. Wima 4 na mlalo 9 vimekubaliana. Jaza kwa kalamu ya wino.